Street Glide iliyokuwa ikiua betri usiku: kisa cha muziki wa pikipiki ya safari, Maskati

Ililetwa imebebwa. Pikipiki ya zaidi ya kilo 350 juu ya pikapu, imefungwa kamba pande nne kama ng'ombe wa Idi, na mwenyewe amekaa mbele kimya. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, eneo la viwanda la Ghala, saa nne za asubuhi na joto limeshapita nyuzi 40. Nikamwamkia, "Shikamoo, ami." Akaitikia, "Marahaba, fundi. Hii ni betri ya tatu tangu mwaka jana. Na muziki wenyewe siusikii."

Mzee huyu ameshapita sitini. Alizaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango wenye asili ya huku, na Kiswahili chake hakijaota kutu. Pikipiki ni Harley-Davidson Street Glide ya 2015. Alikuwa akijitayarisha kwenda Salalah mwezi wa Julai, msimu wa khareef, wakati Dhofar inakuwa kijani na sisi wa Maskati tunaiva. Ni kilomita kama 1,000 kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, na sehemu kubwa ni jangwa lililonyooka, huna la kutazama wala wa kuzungumza naye.

"Sitaki ngoma ya harusi," aliniambia. "Nataka nikiwa kwenye mia na ishirini nisikie muimbaji anasema nini."

Ningeomba kila mteja aseme hivyo. Wengi huja na idadi ya wati kichwani, kama mtu anayenunua viatu kwa uzito. Huyu alileta shida yake kama ilivyo: mwendo fulani, sauti ya mtu, maneno yasikike. Na anachosikiliza ni taarabu ya zamani, Ikhwani Safaa na wenzao, ambayo ni sauti ya mtu, qanuni, fidla na udi. Karibu vyote hivyo vinaishi katikati ya masafa ya sauti. Besi ipo, lakini haibebi wimbo.

Kwanza nieleze alivyokuta na alivyofanyiwa. Kiwandani pikipiki hii hutoka na redio na spika mbili za inchi 5.25 katika gamba la mbele, lile lenye umbo la mabawa ya popo, wati 25 kila upande. Ukiwa mjini zinatosha. Fundi wa kwanza alimwekea spika kubwa za inchi 6.5 na amplifaya iliyoandikwa wati 1,200. Siku chache za mwanzo alifurahi. Kisha zikaanza dalili tatu: akiipaki Alhamisi jioni, Jumamosi asubuhi haiwaki, akiongeza mafuta, kinasikika kimluzi chembamba kinachopanda na kushuka pamoja na injini, na akifika mwendo wa barabara kuu, muziki unageuka kelele juu ya kelele. Aliporudi kule aliambiwa betri ni mbovu. Akanunua nyingine. Aliporudi tena aliambiwa aongeze spika nne nyuma, kwenye vifuniko vya masanduku ya pembeni. Hapo ndipo mpwa wake alipomleta kwangu.

Nilianza na betri, kwa sababu ndiyo iliyomleta juu ya pikapu. Nilichaji, nikazima kila kitu, nikatoa ufunguo, nikaweka mita katikati ya kichwa hasi cha betri na waya wake. Pikipiki iliyolala huvuta kidogo sana, sehemu chache za elfu ya ampia moja, kwa ajili ya saa ya redio na kingamwizi. Mita ilisoma ampia 0.9. Nikachomoa fyuzi ya amplifaya, namba ikaanguka karibu na sifuri.

Amplifaya ilikuwa hailali. Kila amplifaya ina waya mwembamba wa kuiamsha, mafundi huuita rimoti. Redio ikiwaka waya unapata volti, redio ikizima unakosa, na amplifaya inalala. Huyu aliyetangulia aliuunganisha na waya wenye moto masaa yote. Hesabu ni nyepesi: 0.9 mara saa 36, kutoka Alhamisi jioni mpaka Jumamosi asubuhi, ni ampia-saa 32. Betri ya pikipiki hii ni ya ampia-saa 28. Haikuwa mbovu hata moja kati ya zile tatu zilipowekwa. Ziliuliwa, kidogo kidogo, na waya mwembamba kama ule wa chaja ya simu, wakati mwenyewe amelala na muziki umezimwa.

Nilimwonyesha ile mita. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo betri tatu hizo nimezitupa?" Sikuwa na jibu zuri. Betri ikishaisha kabisa mara kadhaa katika joto la huku hairudi kuwa ile ile, hata ukiichaji.

Ningeweza kusahihisha waya huo mmoja kwa dakika kumi na kumpa mkono wa kwaheri. Lakini nilishafungua kiti, na nilichokiona chini yake sikukipenda.

Betri ya Harley za safari iko chini ya kiti. Amplifaya iko mbele, ndani ya gamba. Waya wa moto lazima upite chini ya tanki la petroli, kando ya uti wa fremu, utokee kwenye shingo ya usukani. Na gamba la mabawa ya popo limefungwa kwenye uma wa mbele, kwa hiyo linageuka pamoja na usukani: kila ukikata kona, waya wowote unaoingia humo unakunjwa na kusuguliwa. Waya wa huyu mzee ulibanwa na plastiki pale pale penye mkunjo, ngozi yake imeshalika nusu. Fyuzi ilikuwepo, tena nzuri tu, ila ilifungwa mwisho wa safari, kwenye amplifaya yenyewe. Maana yake karibu mita mbili za waya zilikuwa zinatoka kwenye betri bila kinga yoyote, chini ya tanki. Siku ngozi ile ingeisha na shaba ikagusa fremu, hakuna cha kukata moto. Fyuzi inalinda waya uliopo mbele yake. Ulio nyuma yake, upande wa betri, haiujui. Ndiyo maana inafungwa karibu na betri kadiri mkono unavyoweza kufika. Mimi huifunga ndani ya sentimita 15.

Nimesema shaba, lakini haikuwa shaba. Nilipoukata, ndani ulikuwa mweupe: alumini iliyopakwa shaba juu. Ni rahisi bei, na kwa unene uleule huzuia umeme zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi.

Kabla sijautoa nilipima ulivyokuwa ukifanya kazi, injini ikiwa kwenye mizunguko kama 2,000 na muziki umefunguliwa. Kwenye betri volti 13.9. Kwenye amplifaya 12.2. Volti 1.7 zilipotea njiani: kama 0.7 kwenye waya, 0.3 kwenye kishikio cha fyuzi kilichokuwa kimelegea, na 0.7 upande wa hasi. Upande huo wa hasi ndio uliokuwa ukipiga mluzi. Waya wa ardhi ulifungwa kwa skrubu kwenye bati lenye rangi, rangi haikukwanguliwa. Redio inachukua hasi yake sehemu moja, amplifaya sehemu nyingine, na baina ya sehemu hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti inayocheza pamoja na chaji ya injini. Amplifaya haijui kama hiyo si muziki. Inaikuza tu.

Na zile wati 1,200? Usisome kibandiko, soma fyuzi. Amplifaya ile ilikuwa na fyuzi mbili za ampia 20. Jumla 40, mara volti 13.8, ni wati 552 zinazoingia. Ilikuwa ya muundo wa zamani ambao karibu nusu ya umeme unaishia kuwa joto. Zilizobaki kwa muziki hazifiki 350, hata ikikamuliwa. Upande wa pili wa mizani, chaji ya pikipiki hii ni ampia 50, wati 650 kwa juu kabisa, na hizo ni injini ikikimbia. Ondoa taa, pampu ya petroli, uwashaji, kompyuta ya injini, breki. Kinachobaki si cha kuchezea, na ukisimama kwenye taa za barabarani Ruwi, hapa mjini, injini inanguruma polepole, chaji iko chini zaidi. Kwa hiyo ushauri wa kuongeza spika nne na amplifaya ya pili ulikuwa ushauri wa kununua betri ya nne.

Sasa swali lenyewe: kwa nini hasikii akiwa kwenye 120?

Adui ni upepo. Kelele ya upepo unaopasuka kwenye kioo, kwenye mabega na kwenye helmeti haipandi sambamba na mwendo. Nguvu yake hupanda kwa kipeo cha sita. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kelele huongezeka kama mara 64, yaani desibeli 18 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Tafsiri ya fundi: kama kwenye kilomita 60 kwa saa wati 1 inakutosha kumsikia muimbaji, kwenye 120 unahitaji wati 64 kumsikia vilevile. Kama kwenye 60 ulikuwa unatumia wati 10, basi umekwisha. Unataka wati 640, ambayo ni chaji yote ya pikipiki, na taa zimezimwa.

Mbio hizo huzishindi kwa amplifaya. Kuna njia nyingine tatu, na zote ni za bei nafuu kuliko wati.

Ya kwanza ni spika yenyewe. Watu hawaulizi spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja kwa umbali wa mita moja, na hiyo ndiyo namba ya maana kuliko zote kwenye boksi. Spika za kawaida za gari ziko kwenye 88 au 89. Zile za aina ya majukwaa, zenye koni ngumu na twita (kispika cha sauti nyembamba) ya tarumbeta, zinafika 94 au 95. Tofauti ya desibeli 6 ni sawa na kuzidisha wati mara nne. Wati 75 kwenye spika ya 95 zinasikika kama 300 kwenye spika ya 89. Zina kasoro yake: hazina besi nene. Kwa mpenzi wa bongo fleva ningesita. Kwa mtu wa qanuni sikusita.

Ya pili ni kuacha kupigania besi. Kelele ya upepo imejaa zaidi chini, kwenye masafa ya besi, na pikipiki haina kuta za kuirudisha besi kama gari. Ukiisukuma, spika ya inchi 6.5 inarukaruka, inakula umeme, inaungua, na bado upepo unaifunika. Nilichagua amplifaya ndogo ya kisasa, muundo wa D ambao hupoteza umeme kidogo, wati 75 kwa spika, yenye kompyuta ya sauti ndani yake. Nikaweka kichujio kinachokata kila kitu chini ya hezi 100, na nikainua kidogo kati ya 1,500 na 3,500, pale penye herufi za maneno. Ndani ya gereji ilisikika kali, kama redio ya msikiti. Mzee akakunja uso. Nikamwambia, ami, hii haikutengenezewa gereji.

Kompyuta hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Redio za kiwandani za toleo hili zimepangwa kwa spika zake ndogo. Sauti ikipanda, zenyewe hupunguza besi na kupindisha muziki kuzilinda. Ukizichukulia sauti moja kwa moja, unakuza na mapindo yake. Duka la Harley huweza kuipanga upya redio kwa programu yao. Mimi niliisawazisha kwenye amplifaya. Na neno moja kwa vijana wanaojifunza kazi hii: waya hasi wa spika kwenye redio hizi si ardhi. Pande zote mbili zina moto wa sauti. Ukiugusisha fremu umeiua redio, na redio hii si ya kununua Ruwi kwa bei ya chai.

Ya tatu ndiyo iliyomshangaza: kioo. Chake kilikuwa kifupi, cha umaridadi, na ncha yake ilikuwa ikimtupia upepo uliochafuka moja kwa moja kwenye helmeti. Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida, mahali salama, inama kidogo, kisha nyanyuka. Kelele ikibadilika ghafla, unajua helmeti yako imekaa kwenye mkorogo. Alijaribu, akarudi akisema, "Nikiinama kama naiba embe, namsikia vizuri." Tukaweka kioo kirefu zaidi, bado macho yake yanapita juu yake.

Kazi ya waya ilichukua siku nzima na haina hadithi: shaba halisi ya milimita 10 za mraba kwa moto na kwa hasi, vyote viwili mpaka kwenye betri, fyuzi ya ampia 30 karibu na kichwa cha betri, waya wa kuamsha kutoka kwenye redio, na pale shingoni nikaacha kitanzi ili usukani ugeuke bila kuuvuta. Nilipopima tena, upotevu ulikuwa volti 0.2. Kimluzi kilitoweka. Usiku ule pikipiki ikivuta sehemu chache tu za elfu ya ampia moja.

Sasa kosa langu, maana lipo. Amplifaya niliilaza juu ya redio, ndani ya gamba, pakabana vizuri, nikaridhika. Tukaijaribu njia ya Quriyat asubuhi, safi. Mchana wa siku ya pili mzee akakwama kwenye foleni dakika 25, jua la saa nane, na muziki ukakatika. Ukarudi baada ya dakika chache za mwendo. Amplifaya ilijizima kwa joto, kama ilivyofundishwa. Ndani ya gamba jeusi lililosimama juani, hewa ina moto kuliko nje, na mimi niliifunika sehemu yenye mapezi ya kutolea joto. Nikaitoa, nikaifunga wima kwenye bamba la alumini la milimita 3, na nafasi ya kidole kila upande, karibu na tundu la hewa linaloingia chini ya kioo. Haikuzima tena. Siku hiyo nilifanya bure.

Kabla hajasafiri nilimpa kitu kimoja ambacho alidhani namtania: vizibo vya masikio, vile vya sponji. "Nimekulipa nisikie, unaniziba?" Lakini fikiria. Kwenye mwendo wa barabara kuu, kelele ndani ya helmeti inafika kirahisi desibeli 95 mpaka 100. Kwa vipimo vinavyotumiwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, sikio linavumilia 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda nusu. Kwenye 100 ni dakika 15. Salalah ni saa kumi. Muziki wa kuushinda upepo huo ungekuwa juu yake zaidi, na kwa umri wake masikio aliyonayo ndiyo hayo hayo. Vizibo hushusha upepo na muziki pamoja, kwa hiyo uwiano unabaki karibu ule ule, ila sikio linaacha kuzidiwa, na maneno yanatoka kwenye ukungu. Aliviweka mfukoni kwa heshima tu.

Aliondoka katikati ya Julai kabla ya alfajiri, yeye na wenzake wawili. Kutoka Haima alinipigia wakati wa kujaza petroli. Sauti yake ilikuwa ya kijana. Alivumilia mpaka Adam bila vizibo, kichwa kikaanza kuuma, akavijaribu. "Fundi, nimemsikia hata anavuta pumzi."

Kutoka Thumrait kushuka Salalah, milima ya Dhofar inakuwa ndani ya wingu. Manyunyu siku nzima, ukungu mpaka huoni taa ya mwenzako. Siku ya tatu spika ya kushoto ikaanza kufifia. Aliporudi Maskati nilifungua nikakuta kiungio kimoja nyuma ya spika kimeota ukijani. Vya kulia vyote nilikuwa nimevipaka grisi ya silikoni. Hiki cha kushoto nilikisahau, na nakumbuka hasa kwa nini: simu ililia. Nikakikata, nikaweka kipya, nikakipaka mbele yake ili aone.

Gharama yote kwake, spika, amplifaya, waya, kioo na kazi, ilikuwa chini ya alichokilipa mara ya kwanza pamoja na zile betri. Spika za nyuma sikumwekea, ingawa aliziulizia tena wiki iliyopita. Wenzake wanazo na wakisimama ufukweni Qurum wanasikika mpaka upande wa pili. Nilimwambia wanasikika kwa wapita njia, si kwa dereva, na injini ikizimwa hao wana saa moja tu kabla ya kuomba kusukumwa.

Ile amplifaya ya wati 1,200 bado iko rafuni kwangu. Mpwa wake anaitaka aifunge kwenye Land Cruiser yake. Nimemwambia aje aichukue, ila kwanza aniletee picha ya mahali alipoweka fyuzi.